Kazi imegeuka sumu: barua zenu na majibu yetu

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: kazi ambayo mtu aliitafuta kwa bidii, sasa anaiendea kila asubuhi moyo umembana. Tumechagua sita. Tunapotaja sheria bila kutaja nchi, ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na barua ya Kenya tumeijibu kwa sheria ya Kenya.

Nimehamishiwa kusimamia duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Wafanyakazi ni 23. Tangu mwaka uanze wameacha kazi watano. Waliobaki hawaelewani: mtunza stoo na makeshia hawasalimiani, na haipiti siku bila mtu kuja ofisini kunieleza ubaya wa mwenzake. Niliitisha kikao nikawaambia sisi ni familia moja, semeni yaliyo moyoni. Hakuna aliyefungua mdomo. Nianzie wapi?
Meneja, Mwanza

Kimya kile kina sababu. Watu waliozoea kuona maneno yao yakiwarudia hawawezi kusema mbele ya wenzao wote, tena kwa bosi ambaye bado hawajui atayapeleka wapi. Kikao kingine kisubiri. Zungumza nao mmoja mmoja, nusu saa kila mtu, watatu kwa siku. Ndani ya siku nane za kazi utakuwa umewamaliza. Waulize wote maswali yaleyale: Kazi yako inakwama wapi? Kitu gani hapa kinakutia hofu au hasira? Kama ungepewa kubadili jambo moja tu, lingekuwa lipi? Anza na wapakiaji na wafagiaji, kisha upande juu. Ukianza na wasimamizi, wa chini watafika kwako wakiwa wameshafundishwa cha kusema. Na kabla hujauliza lolote, mweleze mtu utakachofanya na majibu yake: utaandika tatizo, hutaandika jina. Lishike hilo. Siku utakayomwambia mtunza stoo "keshia fulani kasema", milango yote itafungwa.

Ukimaliza, usianze kumsaka mtu mbaya. Tafuta jambo lililotajwa na watu wanne au watano wa vitengo tofauti. Katika maduka kama lako, mara nyingi jambo hilo ni fidia ya upotevu: mwisho wa mwezi stoo inahesabiwa, mzigo unapungua, pungufu linagawanywa kwenye mishahara ya wote. Hapo ndipo uadui unapozaliwa. Kila mmoja anajua anaweza kulipishwa kosa asilolitenda, kwa hiyo anamchunguza mwenzake usiku na mchana, na anayewahi kufika ofisini kwa bosi ndiye anayepona. Hao wanaokuletea maneno huenda si wambea kabisa. Wanajikinga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu makato ya jumla ya namna hiyo. Ili umkate mtu kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe; umeeleza kwa maandishi sababu yake, kiasi chake na jinsi ulivyokipata; amepewa nafasi ya kupinga; amekubali deni kwa maandishi; jumla haizidi hasara halisi; na makato hayavuki robo ya ujira wake wa fedha. Kama hapo dukani makato ya jumla yapo, yasimamishe mwezi huu, utangaze kwa maandishi, ubandike.

Sasa tafuta mzigo unapotelea. Fuata bidhaa moja kuanzia inaposhuka kwenye lori hadi inapoondoka na mteja. Chukua nondo. Wengi wananunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo tani moja inatoa vipande 93 au 94. Kama mhasibu wako aliandika 100 kwa makadirio, una "wizi" wa vipande sita kwa kila tani ambao hakuna mtu aliyeufanya, na pengine kuna kijana aliyefukuzwa kwa ajili yake. Misumari inayonunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo ina hadithi hiyohiyo. Kuna mifuko ya saruji inayopasuka wakati wa kushusha na haiandikwi popote. Kuna bidhaa mteja alizorudisha, zikapokelewa bila karatasi. Halafu kuna lile ambalo wafanyakazi wanalijua na hawathubutu kulisema: ndugu wa mwenye duka anakuja Jumamosi, anapakia mabati, anasema "nitaongea na mzee", anaondoka.

Kinachotibu ni utaratibu mdogo usiokosa hata siku moja. Chagua bidhaa tano zinazotoka sana. Kila jioni zihesabiwe na watu wawili, mmoja wa stoo na mmoja wa mauzo, wote wasaini. Dakika 20 zinatosha. Pungufu la jana bado linakumbukwa na linaelezeka. La siku 30 zilizopita linageuka kuwa tuhuma. Hakuna kitu kutoka stoo bila hati, na amri hiyo imwanzie mwenye duka mwenyewe na ndugu zake. Hapa lazima uwe na mazungumzo magumu naye kabla ya kutangaza chochote, kwa sababu wale walionufaika na utaratibu wa zamani watakwenda kwake nyumbani kukushitaki. Akikubadilikia mbele yao mara moja tu, huna kazi tena pale, hata kama mshahara unaingia.

Kwa wanaoleta maneno, weka masharti: niambie kilichotokea, lini, na kimeathiri nini katika kazi, na je, mwenyewe umemwambia? Kama hajamwambia, arudi kwanza akamwambie, au waje wote wawili. Wizi, kupigana, vitisho na unyanyasaji wa kijinsia havimo katika sharti hili; hayo yaje kwako moja kwa moja. Wiki tatu za mwanzo watakujaribu. Ukisikiliza umbea mmoja mtamu kwa sababu unamhusu mtu usiyempenda, masharti yamekufa.

Jambo la mwisho kwako, na ni la kufanywa mapema: kuna adha ndogo inayowaumiza wote kila siku, nayo ungeweza kuimaliza ndani ya wiki mbili. Mapumziko ya chakula, kwa mfano. Sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, lakini madukani watu wanakula wamesimama nyuma ya kaunta. Panga zamu za chakula, mbili au tatu, uzisimamie. Watu huanza kuamini mabadiliko wakishakula wameketi. Baada ya miezi mitatu usiwaulize kama wana furaha. Angalia walioacha kazi, siku za kutokuja, pungufu la stoo, na tarehe mshahara ulipolipwa.

Mimi ni afisa mikopo Dodoma. Meneja wa tawi anatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp hadi saa tano usiku, na usipojibu kesho yake unaulizwa. Kila Ijumaa anabandika orodha yetu: aliyekusanya zaidi juu, aliyekusanya kidogo chini, jina lake kwa rangi nyekundu. Juzi mwenzetu alilia mbele ya wateja. Tumwambieje bila kuonekana wavivu?
Afisa mikopo, Dodoma

Msiende kwake na machozi, nendeni na hesabu. Mnajua, na yeye pengine anajua moyoni, afisa mwenye jina jekundu hufanya nini Alhamisi jioni: anatoa fedha mfukoni mwake amlipie mteja rejesho, au anamhimiza mteja achukue mkopo mpya ili ufunike wa zamani. Orodha ya Ijumaa inapendeza. Miezi michache baadaye mikopo hiyo inaanguka kwa pamoja, na afisa mwenyewe ana madeni mtaani. Meneja anayeaibisha watu kwa takwimu huanza kuletewa takwimu za uongo, na huyo wa kwanza kudanganywa ni yeye.

Nendeni watatu, si mmoja wala si kumi. Pendekezeni kwamba kwenye grupu ibandikwe jumla ya tawi tu. Takwimu za kila afisa zijadiliwe naye peke yake kwa dakika 15 kila Jumatatu: wateja aliowatembelea, waliochelewa siku 1 hadi 30, waliopita siku 30, na anahitaji msaada gani kwa wale sugu. Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha marejesho. Mteja sugu akitembelewa na afisa pamoja na meneja anajibu tofauti.

Kuhusu usiku: saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mtu anatakiwa apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kulazimishwa kujibu ripoti saa tano usiku na kuwa ofisini saa mbili asubuhi kunagongana na hilo. Mwombeni ajitengenezee mpaka mwepesi: grupu moja la matangazo ambalo yeye pekee anaandika, lingine la kazi linalolala saa kumi na mbili jioni, na dharura ya kweli ipigiwe simu. Akipenda kuandika usiku kwa sababu ndipo anapotulia, aandike, lakini atume saa moja na nusu asubuhi.

Nafanya kazi hotelini Arusha. Msimamizi wetu ndiye anayepanga zamu. Ananitaka kimapenzi, nilipokataa ananipanga usiku mfululizo na ameanza kunigusa jikoni. Rafiki yangu anasema ninyamaze nisipoteze kazi.
Dada wa Arusha

Dada, pole sana. Kosa si lako kwa namna yoyote. Anayetumia mamlaka yake ya kazi kudai ngono anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kitu kama hiki hakitatuliwi kwa kikao cha kusameheana.

Kuanzia leo andika. Daftari dogo, likae nyumbani: tarehe, saa, mahali, alichosema kwa maneno yake hasa, alichofanya, nani alikuwa karibu. Ratiba za zamu zipige picha kila zinapobandikwa. Mfululizo wa usiku ulioanza baada ya siku uliyokataa ni ushahidi mzito, maana karatasi haina aibu wala haisahau. Ujumbe wake usifute hata kama unakuchefua. Utume nakala mahali ambapo simu ikipotea hautapotea nao. Mweleze mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo jambo linapotokea, ili baadaye awepo wa kusema alilisikia lini.

Kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtu aliye juu ya msimamizi huyo, au kitengo cha rasilimali watu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Kuguswa bila ridhaa ni jambo la polisi pia. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, nenda na mwakilishi. Ukifukuzwa kazi, una siku 30 tu kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ni siku 60. Watu wengi wenye haki hupoteza kesi kwa sababu walikaa miezi mitatu wakisubiri barua ijibiwe.

Tunawaomba wenye hoteli wanaosoma hapa wafanye mambo matatu. Zamu zisipangwe na mtu mmoja peke yake bila wa pili kuzipitia. Wawepo wapokeaji wawili wa malalamiko, mmoja mwanamke, wasio chini ya wasimamizi wa vitengo. Na uchunguzi ukianza, anayehamishwa kitengo kwa muda awe mtuhumiwa. Hoteli nyingi humhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake", anapoteza bakshishi na wenzake, na wafanyakazi wengine wote wanajifunza kunyamaza.

Nina kampuni ya usambazaji hapa Nakuru, watu 31. Muuzaji wangu bora huleta karibu thuluthi ya mauzo, lakini anawatukana wenzake, anawaita wajinga mbele ya wateja. Nimemwambia mara nyingi apunguze ukali. Nimfute?
Mwajiri, Nakuru

"Punguza ukali" si maagizo. Kila mtu mkali hujiona mkweli tu. Mwite faraghani na umpe tukio moja: "Jumanne, mbele ya mteja, ulimwita dereva mjinga kwa sababu mzigo ulichelewa. Dereva aliacha kukupigia simu barabarani, na Alhamisi mzigo mwingine ulikwenda kwa mteja asiye wake. Sitaki mfanyakazi yeyote atukanwe tena hapa, hata kama amekosea. Ukiwa na lalamiko kuhusu dereva, niletee. Tutakutana tarehe fulani tuangalie." Nyamaza, umsikilize, pengine kuna uchungu wa haki ndani yake, kama vile mizigo kuchelewa kweli kila wiki. Shughulikia uchungu huo, lakini usiubadilishane na matusi. Halafu yaandike yote na mtie saini.

Kosa linaloua juhudi hizi huja wiki mbili baadaye: mauzo yanapanda, unampongeza mbele ya wote, unamwongezea marupurupu, na wenzake wanaelewa bei ya heshima yao. Badili kipimo chake cha bonasi kwanza. Sehemu yake itegemee mauzo, sehemu itegemee oda zilizofika sahihi kwa wakati, jambo asiloweza kulipata bila dereva na stoo. Usimpandishe cheo cha kuongoza watu kwa sasa.

Asipobadilika, ndiyo, mwachishe, lakini kwa utaratibu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na umsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Ukiruka hatua hiyo, atakushinda mahakamani hata kama alitukana mtaa mzima. Tena kwa kuwa mko 31: sheria hiyo inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, iliyotungwa baada ya kushauriana na wafanyakazi. Kama hamna, anza nayo mwezi huu.

Tumetenga fedha za bonanza la michezo ili kurudisha umoja ofisini. Mnatushauri michezo gani?
Afisa utumishi, Dar es Salaam

Hakuna ubaya katika kuvuta kamba na kukimbia na magunia. Ila ulituandikia pia kwamba mishahara imechelewa miezi miwili kati ya minne, na kwamba bonanza litakuwa Jumapili na kuhudhuria ni lazima. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kuungana na mwajiri wake kwa jezi. Na Jumapili hiyo ni mapumziko yake ya saa 24 kwa wiki. Fedha hizo zitumieni kwa usafiri wa wanaotoka zamu ya usiku au viti vinavyokalika, na hakikisheni wa usiku wanalipwa nyongeza yao ya asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tangazeni tarehe ya mshahara mtakayoiweza na muishike kwa miezi mitatu. Bonanza lifuate baada ya hapo, Ijumaa mchana, kwa anayependa.

Nimechoka. Silali, nikisikia simu ya ofisi mwili unatetemeka, na kazi niliyoipenda sasa naiona upuuzi. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko mfukoni. Niipeleke?
Mwalimu wa shule binafsi, Morogoro

Iache mfukoni kwa wiki mbili, mwalimu, na wiki hizo uzitumie vizuri.

Unayoyaeleza yanafanana na uchakavu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani linautambua: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona huwezi tena. Linauhusisha na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, si na udhaifu wa mtu. Lakini kutetemeka na kukosa usingizi kunaweza kuwa na sababu nyingine pia, kwa hiyo nenda hospitali, umweleze daktari kama ulivyotueleza sisi. Akikupumzisha, chukua cheti. Sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Na kama likizo yako ya mwaka ya siku 28 haijachukuliwa, iombe. Ukipata fikra za kujidhuru, usisubiri miadi. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Pili, andika mzigo wako jinsi ulivyo: vipindi kwa wiki, idadi ya madarasa, madaftari ya kusahihisha, mikutano ya jioni, zamu za bweni. Upeleke kwa mkuu wa shule ukiwa na ombi moja au mawili mahususi, kama kutolewa zamu ya bweni kwa muhula mmoja au kupunguziwa darasa moja. Ombi la "nisaidieni nimelemewa" hujibiwa kwa pole. Ombi la "niondoleeni zamu ya Jumanne na Alhamisi hadi muhula uishe" linadai ndiyo au hapana. Jibu hilo, na namna litakavyotolewa, litakuonyesha kama shule hiyo inaweza kupona ukiwa ndani yake.

Likiwa hapana, au likiwa tusi, tafuta kazi nyingine huku ungali na hii. Usiache kwa hasira bila kuacha malalamiko ya maandishi nyuma yako. Sheria inatambua kwamba mwajiri anayefanya kazi isivumilike amemwachisha mfanyakazi hata kama barua ya kuacha aliiandika mfanyakazi mwenyewe, lakini anayedai hivyo ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alilalamika na hakusikilizwa. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni angalau siku 28, kwa hiyo soma mkataba wako uone kama unadai zaidi. Siku ya mwisho ondoka na mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki yako, na mwajiri mwingine atakiulizia.